Taimingi ya Gari la Baba

Jumapili, 9 Februari

Mwanangu Spana,

Mimi mzima, nyumba nzima, paa tu ndilo linavuja pale pale juu ya kabati. Hujambo huko milimani na magreda yako? Mkwe wangu hajambo?

Nina swali la kazi yako, kwa hiyo vaa ovaroli kabla hujaendelea kusoma. Wiki iliyopita nimelifunua gari la baba yako. Tangu tumzike sikuwahi kuligusa. Turubai lilikuwa limeota kuvu, na paka wa jirani alikuwa amezalia kwenye kiti cha nyuma. Niliwahamishia wanawe kwenye kapu mmoja mmoja, mama yao akinisimamia kama matroni. Kisha nikamwita jirani yetu Seremala, maana yeye ana pikapu na injini anazijua kidogo kidogo. Akafunga betri ya kwake, akatia petroli mpya, akasugua kabureta kwa mswaki. Gari likawaka!

Likawaka, lakini si kuwaka kwa heshima. Linakohoa. Ukikanyaga mafuta linavuta pumzi, linafikiri, halafu linapiga chafya kwa nyuma. Seremala alijaribu kulipandisha kile kilima cha shule, tukafika nusu, maji yakachemka, nguvu zikaisha. Tukarudi kinyumenyume mpaka chini, yeye anasali, mimi nacheka.

Anasema plagi ni nzima na petroli inafika, basi ugonjwa ni taimingi. Lakini kuiseti hajui. Fundi wake wa siku zote alishahama mji. Nifundishe wewe. Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua kitu, usiruke hata hatua moja.

Utauliza kwa nini sasa. Gari likikaa linaoza, basi.

Mama yako


Jumapili, 23 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako imeletwa na lori la simenti, nimeikung'uta kabla ya kuisoma. Nimecheka peke yangu pale kwenye paka mpaka watu wakachungulia.

Taimingi si uchawi. Ndani ya injini petroli na hewa vinabanwa na pistoni, plagi inatoa cheche, vinaungua, pistoni inasukumwa chini. Ndiyo gari kwenda. Cheche ikija mapema mno inaisukuma pistoni ambayo bado inapanda, na utasikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo. Ikichelewa, pistoni imeshaanza kushuka yenyewe, nguvu inapotea, injini inachemka na kukohoa. Kwa maelezo yako, la kwetu linachelewa.

Toa plagi ya kwanza, ile ya karibu na feni, uzibe tundu lake kwa kidole gumba. Seremala azungushe injini polepole kwa spana, kwenye nati ya puli ya mbele. Hewa ikikusukuma kidole, ujue pistoni inapanda. Aendelee taratibu mpaka alama iliyochongwa kwenye puli itazamane na ile ncha ya chuma iliyotokeza kwenye injini. Aishie hapo. Sasa fungua kofia ya distribyuta, lile kopo jeusi lenye nyaya kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Weka alama kila waya umetoka wapi! Ndani utaona pointi, vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufunga. Visugue kwa msasa laini, na vikifunguka kabisa vipitishe postikadi, si zaidi. Kisha tafuta balbu ndogo. Waya wake mmoja uushikize kwenye ule mwembamba unaoingia kwenye distribyuta, wa pili kwenye chuma cha injini. Fungua swichi bila kuwasha injini. Legeza boliti ya shingo ya distribyuta, uizungushe yote pole pole. Pale balbu inapowaka, pale pale, kaza. Cheche inatoka hapo.

Hiyo ni ya macho. Inayobaki ni ya sikio, mkiwa kilimani. Likigonga, irudishe kidogo. Likiwa goigoi, isogeze mbele kidogo. Na nikisema kidogo nina maana ya upana wa ukucha.

Sasa nami nina swali. Seremala amekuwa lini mganga wa gari la Baba? Nakumbuka, Baba akiwa hai, Seremala alikuwa hapiti uani bila kulipapasa boneti kama mtu anayechagua ng'ombe. Wewe huendeshi, Mama. Gari linafufuliwa kwa ajili ya nani? Usikubali kitu bila kuniambia.

Mimi mzima kabisa. Nimehamishiwa stoo kwa muda, nagawa vipuri. Harufu ya dizeli ilikuwa imeanza kunichosha. Mume wangu anakusalimu. Simu haijafika huku, wala basi, kwa hiyo tuendelee hivi hivi na lori.

Mwanao, Spana


Jumapili, 9 Machi

Spana wangu,

Marahaba, na kaa chini nikuhadithie.

Tulianza jana asubuhi, barua yako nimeibandika kwenye kioo cha mbele kwa sabuni. Nikaziba tundu kwa kidole, Seremala akaanza kuzungusha. Kimya. Kimya. Halafu ile hewa ikanisukuma kidole, nami nikapiga kelele, "Anakuja!"

Seremala akaacha spana. "Nani anakuja?"

"Zungusha, baba, usimkatize!"

Umri wote wa ukunga, mdomo umeshazoea. Balbu nayo ikawaka vizuri, tukakaza, tukashikana mikono kama mawaziri. Kosa lilikuwa la nyaya. Wewe ulisema tuweke alama. Seremala akasema ana alama zake kichwani. Basi tulipowasha, gari lilipiga mzinga, BUM, moshi ukatoka hadi mbele, wanawake waliokuwa bombani wakalala chini na ndoo zao, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akatoka na futi yake ya mbao kutulinda na majambazi. Seremala nilimkuta ameketi ndani ya beseni la nguo zangu. Zilizofuliwa.

Tumezipanga upya. Na sasa, mwanangu, linanguruma! Nikachukua kile kipembe changu cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, nikakiweka juu ya injini, sikio upande wa pili. Seremala alikuwa anasogeza distribyuta kwa upana wa ukucha, mimi nasema bado, bado, rudi, hapo. Utacheka, lakini nililijua pale pale lilipotulia. Leo tumepanda kilima cha shule mpaka juu, tukashuka, tukapanda tena bila sababu yoyote.

Kuhusu Seremala, mwache. Mtu kupenda gari si kosa.

Kula vizuri. Usinyanyue vitu vizito huko stoo.

Mama yako


Jumatatu, 10 Machi

Mkwe wangu,

Hii ni yako peke yako. Isomee kazini, kisha uichane.

Mke wako ana mimba ya miezi mingapi?

Usihangaike kutafuta maneno. Mtoto ninayemjua mimi alikuwa anajipaka dizeli nyuma ya masikio anasema ni manukato. Leo harufu inamchosha, amehamia stoo, na barua yake ya mwaka mpya nzima ilikuwa inauliza kama kuna mtu anaweza kumletea malimao. Nimezalisha nusu ya mji huu. Nitashindwa kumtambua mja mzito kwa sababu amejificha nyuma ya stempu?

Naelewa kwa nini mmenyamaza. Ile ya kwanza tuliifurahia kwa sauti, mtaa mzima ukajua, na ilipotoka ikabidi amwambie mmoja mmoja. Safari hii anaibeba kimya kimya. Ni haki yake, nami sitamwambia kwamba najua. Atasema mwenyewe akiwa tayari.

Ila wewe nijibu. Huko yuko nani wa kumpokea mtoto?

Maana nakuja. Gari ni la kazi hiyo. Nimejifunza kuendesha, naam, mimi. Seremala ananipeleka uwanja wa mpira na pikapu yake kila asubuhi, mkono wake hautoki kwenye breki. Juzijuzi nimegonga goli. Goli halikuumia.

Mama mkwe wako


Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisomea barabarani, nyuma ya darubini yangu ya kupimia, na wasaidizi wangu wakadhani nimeona jabali jipya. Ilibidi nikae juu ya jiwe.

Ni kweli yote. Mtoto tunamtarajia mwishoni mwa Aprili. Hapa kambini hakuna hata nesi. Zahanati ya karibu iko chini bondeni, na mpango wetu ulikuwa mke wangu ashuke na lori la simenti wiki ya mwisho. Ukiuandika hivi ndiyo unauona ulivyo mpango wa ovyo.

Yeye ni mzima, mtoto anacheza sana. Huko stoo huwa anaongea na tumbo akidhani hakuna anayemsikia. Nilipita nyuma ya dirisha nikamsikia anamfundisha tofauti ya nati na boliti. Kila siku anasema kesho atakuandikia. Anashika kalamu, anaandika "Mama", halafu anaosha vyombo.

Njoo, Mama. Barabara hii nimeipima mwenyewe, kwa hiyo nisikilize. Mpaka daraja la pili utaenda bila shida. Kutoka hapo hadi kambini ni mlima mtupu, na magari madogo huchemka. Lipumzishe pale darajani, funika radieta kwa kitambaa kabla hujafungua kifuniko. Usipande jioni, ukungu unashuka.

Kumficha yule mtu kitu ni kazi. Jana aliniuliza kwa nini natabasamu huku nimeunguza wali.

Mkweo, Mpima


Jumapili, 30 Machi

Mama, shikamoo.

Sitazunguka. Dereva wa lori la simenti, anayepakia huko mjini kwetu, ameniambia amelikuta gari la Baba kwenye barabara kuu, limeoshwa, limepakwa nta, na Seremala ameketi ndani yake "kama bwana mkubwa". Hakuwa peke yake, kuna mtu alikuwa akiendesha, dereva hakumwona vizuri. Mnunuzi huyo, au siyo? Wanalijaribu.

Usiliuze, tafadhali. Sikuwahi kukuomba kitu kikubwa. Baba alinifundisha kushika spana nikiwa nimelala chini ya gari lile, tumbo lake likiwa juu yangu kama paa la nyumba. Kama kuna shida hapo nyumbani niambie, tutasaidiana. Kama Seremala anakusumbua, niambie vilevile, nitaomba likizo nije na nyundo.

Nilikuwa na mipango na lile gari. Kuna mtu nilitaka siku moja alipande, akae kiti cha nyuma, achungulie dirishani. Siwezi kueleza zaidi. Nina jambo la kukuambia, nimejaribu kuliandika na mkono unagoma. Nisubiri kidogo. Nalo gari linisubiri.

Spana


Jumapili, 6 Aprili

Mwanangu,

Gari linaondoka hapa Jumamosi asubuhi. Limepata dereva anayelipenda. Usijibu, barua yako haitawahi.

Jambo lako lisikuharakishe. Mimi nipo.

Mama yako


Jumapili, 4 Mei

Baba Seremala, shikamoo.

Mama anasema niandike mimi kwa sababu yeye mikono imejaa, na kwa sababu, kwa maneno yake, mtu aliyekutukana ndiye mwenye deni la wino. Ni kweli nilikutukana. Barua yake fupi ilifika Ijumaa. Nililia nikiwa nimekumbatia sanduku la mikanda ya feni, nikakuita mwizi, fisi na panya wa mbao, na mume wangu aliyekuwa anajua kila kitu akatoka nje, nikadhani anashindwa kuvumilia uchungu wangu. Kumbe alikuwa anachekea nyuma ya tangi la maji. Nisamehe, baba. Mume wangu bado sijamsamehe.

Siku ya pili yake, mchana, nikiwa stoo natafuta fyuzi ya greda, nikasikia injini inapanda mlima. Unajua sauti za huku ni malori na matingatinga. Hii ilikuwa nyembamba, ya zamani, yenye ile sauti yake kama mtu anayejisafisha koo kabla ya kusema. Fyuzi zikanidondoka zote. Nilimwambia karani, "Gari la baba yangu hilo," akanitazama kama nimepandwa na homa.

Ya njiani amenisimulia Mama, na wafanyakazi wa daraja la pili wamenisimulia upya, kila mmoja na chumvi yake. Alifika pale injini inachemka. Akalipumzisha, akafunika radieta kwa kitambaa kama alivyoelekezwa. Lakini kila akijaribu kupanda, gari goigoi. Wanaume wakamzunguka, huyu anasema kabureta, yule anasema mama shuka tulisukume. Mama akafunga kanga kiunoni vizuri, akatoa spana, akalegeza shingo ya distribyuta na injini ikiwa inanguruma. Akasema, "Nyamazeni kwanza, simsikii." Wakanyamaza wote, baba, hata mwenye tingatinga akazima. Akasogeza upana wa ukucha. Akasikiliza. Akasogeza tena, akakaza, akapanda. Wanasema walilikimbilia nyuma likipanda, wakishangilia kama wameona bao.

Nilitoka stoo. Tumbo likatangulia, mimi nikafuata, maana siku zile ndio ulikuwa utaratibu. Mama alikuwa ameshashuka, uso wote vumbi, macho tu ndiyo yanang'aa. Akatazama tumbo. Akanitazama mimi.

"Nimekuletea gari," akasema.

"Mama, wewe hujui kuendesha."

"Na wewe huna mimba."

Sijui nani alianza kucheka. Najua tulicheka mpaka ikabidi tuegemee boneti, likatuunguza, tukaruka, tukacheka tena. Halafu nikalia, lakini kilio kile hakikuwa na ubaya. Nikamwambia nilitaka kumwandikia. Akasema, "Uliniandikia. Uliniambia kuna mtu wa kukaa kiti cha nyuma. Mimi barua hiyo nimelala nayo."

Jioni ile tulifungua boneti tukarudia taimingi, mimi na yeye. Hewa ya huku juu ni nyepesi, cheche inabidi itangulie kidogo kuliko huko kwenu, na Mama alikuwa ameshaikaribia kwa sikio tu. Nilibakiza pa kusogeza padogo sana. Tumbo lilinizuia kufika, nikawa nainama kwa ubavu. Mikono ikajaa grisi. Na baba, ile harufu haikunichosha hata kidogo.

Siku zilizofuata Mama aliendesha kambi nzima. Wake za wafanyakazi wakaja na watoto, huyu ana kikohozi, yule hapandi uzito. Bosi wetu amempa kile chumba cha bati kilichokuwa cha kuwekea rangi, wamekifagia, wamemtengenezea rafu za ukutani. Kwa hiyo usimtegemee hivi karibuni. Anakuomba uhamishe lile kabati lake lisilowe, na paa lile ulitazame.

Mvua kubwa ilianza ile wiki ambayo lori lilikuwa linishushe. Usiku mmoja tu, barabara ikakatika chini ya daraja la pili. Lori halikushuka wala halikupanda. Mume wangu, aliyeipima barabara ile mwenyewe, alisimama mlangoni akiitazama mvua. Asubuhi yake uchungu ukaanza.

Mama alikuwa amevaa aproni yake ya kazi ile ile ya zamani. Alimpa Mpima kazi ya kuchemsha maji, nadhani alichemsha pipa zima, hakuna aliyemwambia aache. Mimi nilitaka kusukuma mapema, kwa woga. Nilikuwa naikumbuka ile ya kwanza, nataka ipite haraka, nataka nijue. Mama akaniwekea mkono tumboni, akasema, "Bado. Usimsukume anayepanda." Nikasubiri. Nikamtukana, nikasubiri. Kisha akainama, akatulia kabisa, akasema, "Sasa, mwanangu. Sasa."

Ni wa kike, baba. Ana nywele nyingi na sauti ya kutosha kambi mbili. Mpima aliisikia akiwa nje akadondosha sufuria.

Lakini ninachotaka ukijue, ndicho kilichonifanya nikubali kuandika ilhali nina usingizi wa kufa, ni hiki. Mama amepokea watoto wengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Amenihadithia tangu nikiwa mdogo: unapokea, unafuta, unakata kitovu, unamfunika, unampa mama yake, haraka, bila kusitasita. Yule wa kwangu alimpokea, akamfuta, na hapo akasimama. Akabaki amemshika vile vile, mkasi umekaa pembeni, mtoto anapiga kelele, naye anamwangalia kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuona kitu kama kile.

Nikamwambia, "Mama, kitovu."

Hakunitazama. Akasema, "Subiri kwanza. Namsikiliza."

Mwanao pia, ukinikubali,
Spana